Kanda ya Idi ya Zohali

Jumapili, 3 Machi

Nimelifungua tena daftari la andalio la somo. Nilistaafu ualimu nikiwa na madaftari manne ya serikali ambayo hayajaandikwa, na anayetaka kunishtaki aje hapa Mtoni, aulize kwa Mwalimu Mwajabu, ataonyeshwa. Tangu mwaka jana sikuwa na la kuandika. Leo ninalo.

Amekuja Projestus. Sikumtambua mpaka alipocheka. Zamani alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Sasa tumbo limetangulia na nywele zimemkimbia. Ndiye aliyetengeneza *Kituo cha Zohali*, ile tamthilia ya televisheni ya Waswahili wanaoishi angani. Watu waliicheka sana na hakuna aliyekosa kuitazama. Mwaka 2008 akatengeneza kipindi maalumu cha sikukuu, *Idi ya Zohali*. Wasafiri wamo kwenye mfungo huko kwenye sayari, Ramadhani imefika ukingoni, lakini Zohali ina miezi mingi. Huyu kaona huu, yule kaona ule, hakuna anayejua wafungulie upi. Wanagombana mpaka anatokea mtoto wa hukohuko, Kimeta, anawaonyesha.

Kimeta alikuwa mwanangu Naima. Alikuwa na miaka kumi, kapakwa rangi ya fedha mpaka ndani ya masikio, nikamsugua siku tatu haitoki. Kipindi kilionyeshwa mara moja tu, siku ya Idi. Mwaka uliofuata Naima akafariki kwa selimundu, ule ugonjwa wa damu. Hatukujaliwa mwingine.

Sasa Projestus anataka kukitoa upya Idi hii, kwenye DVD yenye kasha zuri na kwenye flashi, watu wakae nacho majumbani. Tatizo ni kwamba kituo cha televisheni kilirekodi vipindi vingine juu ya kanda zake zote. Nakala iliyobaki ni ile niliyoirekodi mimi kwa deki. Imo sandukuni mwangu, ndani ya khanga.

"Mama Naima, bila kanda yako mie sina kitu," akasema.

Nilikuwa nimeshainuka. Mume wangu, Khalfani, akasema neno moja kutoka kwenye kiti chake: "Haitolewi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Mtoto yuko kaburini. Leo aanze kuzungushwa mitaani, kichwa wazi, muziki unapigwa? Huko ni kumpelekea mzigo wa dhambi. Haitolewi."

Projestus akaangalia viatu vyake. Chai niliyomtilia hakuimaliza.

Acha niandike ninachokitaka, kisije kikapotoshwa. DVD siihitaji. Nataka kumsikia mwanangu. Picha zake ninazo sita na hazisemi. Wiki ileile ya Idi umeme ulikatika, uliporudi ukaondoka na deki, kwa hiyo ile kanda hatukuitazama tena. Na siku yenyewe sikusikia kitu: sebule ilikuwa na watu arobaini, watoto wanapiga kelele kila Naima akitokea, mimi niko kati ya mlango na sufuria la pilau. Alipofariki, mwanzoni niliogopa kuisikia. Baadaye nikaogopa kanda itakatika. Ni miaka kumi na mitano sasa. Nikikaa kimya nikaitafuta sauti yake inakuja, halafu naanza kushuku kwamba naitunga mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Baba Naima hasemi na mimi sisemi. Nyumba imetulia kama chumba cha mtihani.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimemfuata Shomari, ustadhi wa madrasa. Nilimfundisha darasa la tatu, kugawanya kulimshinda, lakini dini kasoma sawasawa. Nikamweleza. Akaniambia, "Mwalimu, mtoto wa miaka kumi kalamu haijaanza kumwandikia. Mzigo gani huo?" Nikarudi mbio na khanga yangu kichwani, mvua inanipiga, nimejaa ushindi.

"Shomari hajui," akasema Khalfani.

"Hajui dini?"

"Hajui mambo ya nyumba hii."

Huyu mwanamume aliendesha lori la kokoto miaka ishirini na sita, tena yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka Naima machimboni Wazo siku ya likizo, Projestus alikuwa akirekodi pale, akamwona na kumtaka aigize. Leo amekuwa mtakatifu kuliko ustadhi! Nimekasirika.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefanya. Nimemwambia naenda kumjulia hali Mwalimu Benedicta, mgonjwa wa presha. Benedicta mzima wa afya, Mungu anisamehe. Nimeipeleka kanda Sinza, kwenye chumba cha fundi wa Projestus, baa upande huu na gesti upande ule, spika zinapiga saa nne asubuhi. Fundi akaifungua, akanionyesha ukungu mweupe kwenye utepe. Akaisafisha kwa pamba na spiriti, shibiri kwa shibiri, mimi nimekaa kwenye ndoo namwangalia mikono. Amesema nirudi Alhamisi.

Jumanne, 12 Machi

Mfungo wa kwanza. Daku: uji wa pilipili manga na kiporo cha wali. Paa linavuja juu ya kabati.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemsikia.

Nimeanza kuandika mara tatu nafuta. Nitaandika kwa mpango, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto insha.

Walinikalisha mbele ya kompyuta, wakanivalisha vile vidubwasha vya masikioni. Picha ina michirizi, rangi zimefifia. Wale wasafiri wamesimama kwenye vumbi jeupe la Wazo wakiwa na mavazi ya bati na kofia za pikipiki, wanabishana habari ya mwezi, na hata mimi nilicheka. Moshi ukatoka. Ndani ya moshi akatokea yeye. Magoti yale membamba. Anatembea akiuegemea mguu wa kulia, kama alivyokuwa akifanya maumivu yakianza, na mimi peke yangu duniani ninayejua kwamba hayo hayakuwa maigizo.

Akasema: "Msigombane. Mwezi wenu ni ule mdogo kuliko yote. Haupendi kelele."

Ndiyo yeye! Sauti ileile. Ina ukwaruzo kidogo neno linapoanza, halafu inanyooka, kama mtoto aliyetoka kulala sasa hivi. Sikuwa nimesahau. Miaka yote hii nilikuwa najishuku bure, kumbe ilikuwemo ndani yangu nzima kabisa. Nililia mpaka fundi akavua kofia yake na Projestus akatoka nje. Aliporudi nikamwambia, "Lete karatasi nitie saini." Nimetia saini kama mama mzazi. Fundi akaniwekea kipande hicho kifupi kwenye simu.

Projestus nilimwona mpiga domo tu. Nimemwonea. Ni mtu mwema.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemsikiliza wakati namenya mihogo. Nimemsikiliza wakati nakuna nazi. Swaumu imepita sikuihisi.

Jumatano, 20 Machi

Jirani yangu Hamida, ambaye Naima alikuwa akishinda kwake akisukwa, nimemwekea asikilize. Akatega sikio, akasema, "Mh. Alikuwaga na sauti nzito hivi?"

"Mwanangu ni wako au wangu?"

"Yaishe, shoga. Ni miaka mingi, mie nimesahau."

Wivu. Siku hizi watu hawawezi kumwona mwenzao na furaha hata chembe. Bakuli alilotuletea futari nimemrudishia tupu.

Ijumaa, 22 Machi

Amejua.

Nilikuwa jikoni nageuza maandazi, simu iko juu ya dirisha, Naima anasema. Nikageuka. Khalfani yuko mlangoni, ametoka msikitini, kanzu inachuruzika maji. Sijui alisimama hapo muda gani. Nilijiandaa kwa ugomvi. Maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga wiki mbili.

Hakugomba. Aliuliza polepole, "Umeshasikiliza mara ngapi?"

"Sihesabu."

"Na unasikia nini?"

"Swali gani hilo? Namsikia mwanangu!"

Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mzee mzima, kanzu nyeupe. Akaangalia chini. Nikaona hapo ndipo pa kumpiga, nikampiga kwa maneno. Nikamwambia, "Wewe ulimzika mara moja hukutosheka, unataka kumzika mara ya pili. Mimi nimemfukua. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu."

"Sawa, mama Naima," akasema. Akainuka akaenda kubadilisha kanzu.

Andazi lililokuwa kwenye mafuta likaungua. Nilishinda, lakini sikuona raha yake.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Barabara ya ndani imekuwa bwawa, watoto wanaogelea kwenye maji ya vyoo. Nimewafokea. Wamenisalimia shikamoo na kuendelea.

Jumapili, 31 Machi

Mfungo wa ishirini. Khalfani amechukua mkeka, Msahafu na shuka, amekwenda itikafu msikitini kumi hili la mwisho. Miaka yote hakuwahi kukaa. Ananikimbia. Nimempelekea futari kwa mtoto wa Hamida, sikutuma salamu.

Jumamosi, 6 Aprili

Nitaandika, ingawa ningependa siku hii isiwe imetokea.

Projestus alikuja saa tano, amelowa, kakumbatia bahasha chini ya shati isipate maji. Ndani mna karatasi ya kasha la DVD, kwa ajili ya kuihakiki kabla ya kuchapisha. "Mama wewe mwalimu, macho yako hayapitwi," akasema. Mbele kuna Naima na rangi yake ya fedha, nyuma yake miezi saba. Nzuri mno. Nikaenda kutafuta miwani na kalamu yangu nyekundu, nikakaa mezani kama enzi zangu.

"Maalum" nikaifanya "maalumu". Nikaongeza nukta. Nikafika kwenye majina. *Kimeta: Naima Khalfani.* Chini yake: *Sauti ya Kimeta: Sesilia Valerian.*

Nikaikata kwa mstari. Nikaandika pembeni, "Kosa!" Nikamwambia, "Mwanangu, mmechanganya. Hapa mmemwingiza mtu ambaye hayumo. Mnachapisha mkiwa usingizini?"

Nikainua macho juu ya miwani. Projestus ni mweusi lakini nilimwona akipauka.

"Mama," akasema, "si kosa."

Nikaiweka kalamu mezani.

"Mie nilijua mnajua. Mzee alikuwepo. Wazo kule mashine zilikuwa zinanguruma mchana kutwa, sauti zote tulizirudia studio, Sinza. Siku ya zamu ya Naima alikuja anaumwa. Akashindwa. Tukamtumia binti mwingine."

"Na sauti yake ya Wazo? Hata na ngurumo zake. Iko wapi?"

"Zile kanda tulizirekodia juu, mama. Kanda zilikuwa shida. Nisamehe."

Nilikuwa semina ya walimu Kibaha, wiki mbili. Nakumbuka hata chakula cha pale.

Nikamwomba namba ya huyo Sesilia. Nilitaka aseme kwamba si kweli. Akapokea mtu mzima, mtoto analia nyuma yake. "Shikamoo, mama," akasema. "Ndiyo, ni mie. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nilikuwaga naimba kwaya. Nimeambiwa mwenzangu alifariki. Poleni sana, mama." Nikaitafuta, ndani ya sauti hiyo ya mtu mzima, ile niliyolala nayo wiki tatu. Haimo hata yenyewe, imekua ikaondoka.

Nikasema marahaba, nikakata simu.

Nilimsikiliza mtoto wa mwenzangu wiki tatu, nikaapa ni wangu. Hamida aliyekuwa akimsuka nywele tu alijua. Mimi niliyemzaa sikujua.

Jumapili, 7 Aprili

Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Sauti yake ilikuwa ya juu kidogo, hasa akiomba kitu.

Sauti yake ilikuwa

Sijui.

Jumatatu, 8 Aprili

Asubuhi nilikwenda kwa Hamida nikamwomba radhi. Alinishika mkono, hakunikumbusha lolote. Nikamtuma mwanawe msikitini na ujumbe mmoja: mwambie baba Naima nimejua.

Saa saba mchana Khalfani akaingia na mkeka wake. Itikafu ameivunja zikiwa zimebaki siku mbili. Tukakaa ukumbini, beseni katikati yetu linakinga maji ya paa.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Na dini ile yote?"

"Nilitafuta sababu. Hiyo ndiyo niliyoipata karibu."

Akanieleza, anaongea akilitazama beseni. Kwamba siku ile Naima aliamka na maumivu ya mifupa, akakataa kwenda hospitali mpaka apite studio. Alimlaza kwenye lori juu ya shuka mpaka Sinza, akambeba mgongoni kupanda ngazi. Kila akifungua mdomo kusema, analia. Projestus alitaka wasubiri wiki, kituo kikasema Idi haisubiri. Yule binti mwingine akasimama kwenye kipaza sauti, Naima amelala kwenye mkeka anamwangalia.

"Wakati wa kurudi aliniambia, baba, usimwambie mama. Mama kashawaambia walimu wote Kibaha."

Ni kweli. Niliwaambia wote. Niliwaambia hadi wapishi.

"Nikamwahidi," akasema. "Basi Projestus alipokuja, nikajua ukiisikia tu utajua, na utajua kwamba alikuficha. Nikazuia. Halafu siku ile jikoni nikakukuta unafurahi. Ukaniambia unamsikia mwanao. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, mama Naima. Ningesema nini?"

Na mimi nilimwambia anataka kumzika mara ya pili. Miaka kumi na mitano alikaa na siri ya mtoto, na wiki mbili na nusu akakaa na tusi langu, akaenda kulala nalo msikitini. Nilimwona mkaidi, kisha nikamwona mnafiki. Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na nne, kumsahihisha najua, kumsoma sijui.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Tumefunga, mama. Tusilizane." Lakini tulilia.

Baadaye nikamuuliza kama yeye anaikumbuka sauti. Akasema, "Akiniita kutoka mlangoni, nikishuka kwenye lori. Hiyo tu. Na yenyewe inakwenda."

Jumanne, 9 Aprili

Projestus amepiga kuuliza kama aahirishe, na kama alifute lile jina. Nimemwambia itoke. Na Sesilia abaki, tena herufi zilinganishwe na za Naima. Mtoto alifanya kazi yake na hakumwibia mtu. Makosa ni yangu. Nimemwambia pia asisahau "maalumu" yenye u.

Mwezi umeonekana. Kesho Idi.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Kulikuwa na manyunyu ya asubuhi, kisha jua la kuchoma. Projestus alituletea kasha la kwanza, limefungwa kwa nailoni, na kichezeshi cha DVD cha kuazima. Watoto wa mtaa walijaa sebuleni na nguo zao mpya, wakacheka kofia za pikipiki, wakamshangilia Kimeta bila kujua ni nani, kelele hata maneno hayasikiki. Mtoto wa Hamida akauliza, "Bibi, huyo wa kwenye picha ukutani ndo huyuhuyu?" Nikasema ndiye. Wakala pilau, wakatawanyika kwenda bembeani.

Tukabaki wawili, saa kumi alasiri, sahani chafu zimetuzunguka. Khalfani akachukua rimoti. Nilidhani anazima. Akairudisha nyuma mpaka kwenye moshi, akaondoa sauti.

Naima akatoka kimya kwenye vumbi, akiuegemea mguu wa kulia. Mdomo wake ukafunguka. Na mume wangu, kwa sauti yake ya dereva, ya mzee, akasema, "Msigombane. Mwezi wenu ni ule mdogo kuliko yote. Haupendi kelele."

Hakukosea hata pumzi. Nilimgeukia. Akasema bila kuniangalia, "Tulikuwa tunafanya mazoezi ndani ya lori. Kwenda na kurudi. Yeye Kimeta, mimi hao wengine wote."

Akaendelea. Mdomo ukifunguka anasema, ukifunga anangoja. Kwa mara ya kwanza niliuangalia vizuri mdomo wa mwanangu, na nikaona kwamba kweli alikuwa akisema, pale Wazo, siku ile, kwa sauti yake mwenyewe, na mashine zikaimeza. Nikashika mkono wa baba yake. Wasafiri wakapanda chombo chao cha bati. Naima akabaki chini peke yake, akainua mkono, pakafika pale pa kuwaaga.

"Mkifika kwenu," akasema Khalfani, "semeni…"

Akashindwa. Nikangoja. Hakuweza, na mimi sikuyajua yale maneno. Naima akaendelea kusema peke yake mpaka picha ikaisha.